Masika Niliyoacha Sigara

Jumatano ya Majivu, 27 Februari 1952

Nimeanza leo. Padre alinipaka majivu asubuhi, na niliporudi nyumbani nikaitupa pakiti chooni, sigara nane ndani yake, nikabaki nimesimama pale mlangoni nikilisikiliza shimo.

Naandika katika kurasa za nyuma za daftari la zamani la wagonjwa. Aliyeniambia niandike ni Daktari Dolat. Juzi alipanda kutoka Morogoro kuikagua dispensari yetu ya Kisagala. Akahesabu chupa, akatazama vidonda vya watu, na mwisho nikamwomba amsikilize binti yangu Yuliana. Ana miaka saba. Tangu vuli kifua kinambana na kupiga filimbi. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akanigeukia na kuninusa shati.

"Mnalala chumba kimoja?"

"Ndiyo, daktari."

"Unavuta ngapi kwa siku?"

Nikasema kumi. Ni ishirini, siku nyingine zaidi.

"Umevaa koti jeupe la dresa miaka kumi na moja, Leonard, sina haja ya kukufundisha. Mtoto ana pumu, na kila jioni wewe unamwongezea. Acha. Na uandike kila siku, pumzi yake na sigara zako, usije ukajidanganya."

Pumzi: nzuri. Sigara: hakuna.

28 Februari

Pumzi nzuri. Hakuna. Kichwa kinauma tangu alfajiri.

1 Machi

Nimemfokea mama mmoja kwa sababu mtoto wake alilia wakati wa sindano. Mtoto wa miezi mitano, atafanya nini kama si kulia? Yule mama aliniomba radhi yeye, na mimi nikaipokea.

Mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Nimetia humo penseli. Mkono unaikuta penseli, unaduwaa, unarudi.

Pumzi: nzuri. Sigara: hakuna.

4 Machi

Nimechoka bila kufanya kazi. Sikujua kuwa siku yangu yote ilikuwa imeshikiliwa na sigara. Nilikuwa navuta moja nikiamka, moja nikishachemsha sindano, moja mgonjwa wa kumi akitoka, moja baada ya ugali. Sasa mgonjwa wa kumi anatoka, anaingia wa kumi na moja, hakuna kitu katikati.

Bibi mmoja niliyemfunga mguu wiki mbili zilizopita amekuja kunishukuru. Watu wa huku hawaji mikono mitupu: huleta kabichi, njegere, mkungu wa ndizi. Yeye ameleta msokoto wa tumbaku ya shambani kwake, mnene kama kifundo cha mkono, umefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nimesikia dresa unapenda," akasema.

Nikaupokea kwa mikono miwili, kukataa kungemvunja moyo. Alipoondoka nikaunusa. Niliunusa kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Kisha nikautia jikoni kwenye moto, na Veronika, mke wangu, akatoka mbio akikohoa, akidhani nyumba inaungua.

7 Machi

Hatibu muuza dagaa amepanda na tenga lake. Yeye huvuta sana, nami nilikuwa mwenzake. Kila akija tulikaa nje ya dispensari tukavuta pamoja. Leo nimemwambia nimeacha. Hakucheka.

"Bwana Dresa, mimi kila Ramadhani naacha mchana kutwa. Asubuhi si kazi. Kazi ni alasiri, roho inapokutafuta."

"Unafanya nini?"

"Natembea. Nikikaa, nimekwisha. Halafu namsema mtu vibaya, nafunga na dhambi zangu hivyo hivyo. Lakini mwenzangu, mimi nangoja magharibi. Wewe unangoja nini?"

Nimetembea hadi kwenye kisima na kurudi mara mbili. Nimetafuna mhogo mbichi, karafuu, kipande cha muwa. Taya linauma.

11 Machi

Pumzi nzuri siku nne mfululizo. Veronika amesema shuka hazinuki tena. Alilisema kwa sauti ya kawaida akikunja nguo, lakini nilimwona anatabasamu upande wa ukutani.

16 Machi

Mvua imeanza. Ilishuka kutoka juu ya mlima saa saba mchana, na mpaka sasa saa kumi na mbili haijapumzika.

17 Machi

Mvua. Hakuna.

20 Machi

Nimefanya jambo baya. Yuliana alikohoa usiku, na asubuhi Veronika akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba Yuliana, huko nje hujaonja kweli?" Sikuwa nimeonja. Siku ishirini na mbili sikuwa nimeonja, nikamwapia hivyo, na kwa kuwa nilikuwa na haki nikawa mkali kuliko mwenye kosa.

Nikamwambia, "Na moshi wa kuni zako je? Nani anauvuta huo kila siku kama si mtoto? Au sumu ni ya kwangu peke yangu?"

Nikaenda kazini. Niliporudi mchana nikakuta mafiga matatu yamehamishiwa nje, chini ya kipenu cha majani ya mgomba kisichomkinga hata kuku. Alikuwa amechutama pale, kanga imelowa mpaka kiunoni, akipuliza kuni mbichi.

"Rudisha ndani," nikamwambia. "Nilisema kwa hasira."

"Ulisema kweli," akajibu. "Wewe umeacha cha kwako, nami naacha cha kwangu."

Hakusema kwa kunikomoa. Ndiyo maana sikuweza kula.

25 Machi

Nimevuta.

Naandika kama lilivyokuwa. Saa nne asubuhi waliletwa watu wawili waliofukiwa na udongo shambani. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili nilimshona kichwa mishono kumi na saba, akinishika mkono na kuniuliza habari za yule mwenzake, nami nikimwambia yuko chumba cha pili anapumzika. Nilipomaliza nikatoka nje. Mmoja wa waliombeba marehemu alikuwa amejikinga chini ya ukingo wa bati, anavuta. Akaninyooshea yake bila kusema neno. Nikaivuta yote mpaka ikaniunguza vidole.

Nilidhani itakuwa chungu baada ya muda huu. Haikuwa chungu.

Nimenawa kwa sabuni ya dawa mpaka kwenye viwiko, nikasukutua kinywa. Veronika aliuliza habari za waliofukiwa, akanionea huruma. Sikumwambia.

Pumzi: nzuri. Sigara: moja.

29 Machi

Mbili.

3 Aprili

Sasa ni tatu, nne. Nazinunua dukani kwa Chandrakant kule chini barabarani, mwendo wa saa moja na nusu kushuka na zaidi ya mbili kupanda. Kila mara namwambia Veronika nafuata bandeji, au barua, au chokaa ya kupaka dispensari. Anaamini. Naficha pakiti nyuma ya dirisha la dispensari, ndani ya kopo la plasta.

Jana nilimpakata Yuliana nikamwimbia. Alikaa kimya, amekakamaa. Nilipomtazama nikaona mashavu yamevimba: alikuwa amebana pumzi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nacheza." Nikamteremsha.

Nimeona mvua imekuwa kama mtu anayekaa nasi nyumbani. Kila kitu kinanuka ukungu. Kuni hazishiki moto na Veronika bado anapikia nje.

Ijumaa Kuu, 11 Aprili, Morogoro

Niko kwenye baraza ya hospitali. Nina daftari na penseli, na sina kazi nyingine isipokuwa kungoja.

Jumanne sigara ziliniishia. Asubuhi nilihudumia wagonjwa haraka haraka, nikafunga kabati la dawa, nikatia ufunguo mfukoni mwa koti kama kanuni inavyotaka, nikamwambia Veronika nashuka kufuata bandeji. Yuliana alikuwa na mafua kidogo. Niliyaona. Nilijiambia nitarudi upesi.

Nilifika dukani saa sita. Mvua ikaja kubwa, njia ikageuka mto. Chandrakant akanipa kiti barazani na kikombe cha chai. "Kaa, Dresa, utakwenda wapi na maji haya?" Nikakaa. Nikavuta ya kwanza, nikavuta ya pili, nikavuta ya tatu. Naandika jambo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa na raha. Nilitazama mvua nikatamani isikatike.

Ilipopungua nikaanza kupanda. Nilifika saa kumi. Mlango wa dispensari ulikuwa wazi na watu wamesimama nje. Waliponiona wakanipisha bila kunisalimu.

Kabati lilikuwa limevunjwa. Ubao wa mlango ulikuwa umepasuliwa kwa panga, chupa nyingine ziko sakafuni. Veronika alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta, Yuliana kati ya miguu yake, ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Lakini alikuwa anavuta hewa.

"Umempa nini?" nikauliza.

Akanionyesha chupa. Ilikuwa efedrini, dawa ya pumu, ndiyo yenyewe. Veronika hajui kusoma. Chupa iliyosimama karibu nayo, yenye vidonge vyeupe vile vile, ni luminali, dawa ya kifafa, dawa ya usingizi. Mtoto asiyepata pumzi ukimpa ile, analala haamki.

"Umejuaje?"

"Sikujua. Yeye aliniambia. Alishindwa kusema, akaandika kwa kidole kifuani mwangu. Nikatafuta alama ile." Akachora hewani, mstari mmoja wa wima na mitatu ya kulala. Yuliana yuko darasa la kwanza. Wamefika kwenye irabu, na chupa ile ameiona kila nilipomtolea kidonge chake.

Nilichemsha sindano, nikamdunga adrenalini, na kifua kikaanza kulegea. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Miaka kumi na moja imeizoesha. Alipolala, Veronika akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Tulikuita mpaka kule kisimani. Watu walikimbia kila upande. Bandeji ziko wapi?"

Ningeweza kusema hazikuwepo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, na vikatoka pamoja, pakiti na ufunguo. Nikaviweka sakafuni mbele yake.

Hakupiga kelele. Alivitazama, kisha akasema, "Nimevunja mali ya serikali kwa panga, na ufunguo ulikuwa unavuta sigara dukani."

Jumatano alfajiri tulimshusha kwa machela. Wanaume wanne wa ukoo wa Veronika walibeba kwa zamu pamoja nami, na hakuna aliyenisemesha. Kule barabarani tukapata lori la mboga. Daktari Dolat ndiye aliyetupokea. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama pale pale kwenye ukumbi. Akasema tu, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. "Basi endelea."

Yuliana amekunywa uji leo.

Pasaka, 13 Aprili

Kengele zimelia asubuhi. Yuliana amekaa kitandani, amekula yai. Veronika na mimi tumesali pamoja pembeni ya kitanda.

Sigara: hakuna, tangu Jumanne.

17 Aprili

Nimepanda peke yangu. Daktari hataki Yuliana arudi kwenye ukungu wa mlimani mpaka masika yaishe. Atakaa Kilakala kwa Felista, dada yake Veronika, karibu na hospitali. Veronika amebaki naye. Nilipomuuliza atakaa muda gani, akasema, "Mtoto atakapopona." Sikuthubutu kuuliza kama ni hilo tu.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyojua.

19 Aprili

Mjomba Severini ameniita. Ni mjomba wake Veronika, mkubwa wa ukoo wao. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ninalolima ni la kwao, kwa hiyo akiniita ninakwenda. Nilijua ninakwenda kuhukumiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Keti."

Alikuwa na kiko chake mdomoni. Alivuta kwa utulivu na moshi ukanijia usoni. Nikakaza vidole kwenye kigoda.

"Kabati la serikali limevunjwa," akasema. "Wakubwa wa Boma watataka kujua. Jumbe wetu wa kijiji yuko tayari kusema walikuja wezi. Mimi pia niko tayari. Binti yetu asitajwe na panga lake, nawe usipoteze kazi. Unasemaje?"

Nilikuwa nimechoka, na maneno yake yalikuwa kama mahali pa kulala. Ingekuwa sentensi moja tu. Nikafikiria jinsi nilivyozoea sentensi za namna hiyo: nafuata bandeji, nafuata chokaa.

"Nitaandika ukweli, mjomba. Kwamba nilitoka kazini na ufunguo kwenda kununua sigara, mke wangu akavunja kabati kumwokoa mtoto."

"Watakufukuza."

"Huenda."

Akavuta tena, akanitazama kupitia moshi. "Hiki kinakusumbua? Nikizime?"

"Usikizime, mjomba."

"Kwa nini? Unajitesa?"

"Hapana. Wewe uko kwako. Na kila nitakapokwenda mtu atakuwa anavuta."

Hakukizima. Tulikaa mpaka kikaisha, tukizungumza habari za viazi vinavyooza mashambani. Nilipoondoka shati langu lilikuwa limelowa jasho. Nilipofika nyumbani nikaandika barua ya Boma, ukurasa mmoja na nusu, nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili.

22 Aprili

Siku ya kumi na nne. Hakuna. Mvua.

26 Aprili

Zamani niliacha nikiwa natazamwa. Sasa hakuna wa kuninusa, hakuna wa kuuliza. Naweza kuvuta kitandani mwangu nikiwa nimelala chali na hakuna atakayejua. Nalifikiria jambo hili kila jioni.

Nimejifunza kitu kimoja: tamaa ikija haikai. Nimeitazama kwa saa ya dispensari. Inapanda kama homa, inakaa dakika nne, tano, kisha inashuka. Haijawahi kufika kumi. Lakini inarudi, na mimi ni yule yule, na kila ikirudi nimechoka zaidi.

27 Aprili

Hakuna. Nimeosha chupa zote, hata zilizokuwa safi.

4 Mei

Padre ametuomba kwenye ibada tuwaombee wagonjwa, akamtaja Yuliana kwa jina. Watu waligeuka kunitazama. Zamani ningeona wananihukumu. Leo nimeona nyuso za watu waliokimbia kwenye mvua kunitafuta.

9 Mei

Njia ya chini imekatwa na maporomoko. Dawa hazipandi. Hatibu amepita kwa njia ya juu, tenga kichwani, tope mpaka magotini, amenibebea barua kutoka Kilakala. Felista ameandika kwa niaba ya dada yake: "Mtoto anaongezeka mwili. Anauliza kama mbuzi amezaa." Hakuna zaidi. Nimeisoma kama mara kumi nikitafuta salamu ya Veronika kati ya mistari. Haimo.

Hatibu alitaka kuwasha, akanitazama, akarudisha kiberiti. Nikamwambia awashe. Akasema, "Nitavuta nikifika ng'ambo." Tukaketi, wanaume wawili tusiojua pa kuweka mikono.

10 Mei

Mbuzi hajazaa. Hakuna.

15 Mei

Leo niliokota kipisi njiani, kirefu, kikavu, kilichokuwa chini ya jani. Nilikuwa nimetoka kuzalisha mama wa mapacha, mtoto mmoja amekufa. Nilikishika mpaka dispensari. Nilikiweka juu ya meza, nikaketi mbele yake mikono mapajani, nikalia. Si kwa ajili ya pacha peke yake, bali kwa uchovu, kwamba siku thelathini na saba nimeshinda na bado kitu kile, alichokitupa mtu nisiyemjua, kilinipendeza kuliko chakula.

Akaja mgonjwa wa jino. Nikakitupa kwenye ndoo ya uchafu, nikamng'oa jino.

23 Mei

Barua ya Boma imefika. Sikufukuzwa. Nimepewa onyo kali, litaandikwa kwenye kumbukumbu zangu, na nikivunja kanuni tena ndio mwisho. Fundi atakuja kutengeneza kabati. Ufunguo wa pili utakaa kwa mtu mwaminifu wa kijijini nitakayemtaja. Nimemtaja Veronika. Sijui kama atarudi kuushika.

Mvua imekuwa ya asubuhi tu.

28 Mei

Jua kutwa. Mlima umeonekana wote hadi juu. Nimeanika magodoro. Hakuna.

Pentekoste, 1 Juni

Nimeshuka Kilakala. Niliondoka alfajiri, nikafika baada ya misa ya pili. Yuliana alikuwa uani anaruka kamba na watoto wa jirani. Sikumwita. Nilisimama penye uzio nikamhesabia: aliruka ishirini na sita bila kupumzika. Ndipo akaniona, akaja mbio, akanirukia shingoni, na akaendelea kuhema usoni pangu akinieleza mambo matatu kwa pamoja.

Felista alimwita ndani makusudi. Tukabaki Veronika na mimi kwenye mkeka. Alikuwa anachambua mchele.

"Umekonda," akasema.

"Kidogo."

"Mjomba Severini aliniletea habari za barua uliyoiandika Boma. Alisema ulikataa habari za wezi."

"Ndiyo."

Akachambua, akatupa kokoto. "Umeacha?"

Njia nzima nilikuwa nimelitayarisha jibu. Niape, nitaje siku hamsini na nne, nimwonyeshe daftari. Yakaniondoka yote.

"Leo sijavuta," nikasema. "Jana sikuvuta. Nilitaka. Hata sasa nataka, huyo jirani anavuta nyuma ya ukuta na nimeshajua ni sigara gani."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, Mama Yuliana."

Aliacha kuchambua. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa dukani, anakigeuza kwenye mwanga.

"Mwezi wa tatu uliniapia," akasema. "Sasa huniapii."

"Siapi."

"Haya. Hili naweza kulisadiki." Akaurudia mchele wake. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Jumamosi, kama njia imekauka, uje utuchukue. Mtoto hatapanda kwa machela, anataka kutembea."

7 Juni

Wamefika. Tulipanda tangu asubuhi. Yuliana alitembea mpaka kwenye daraja la magogo, kisha nikambeba, kisha akataka kutembea tena. Tulipumzika mara tatu. Mara ya pili, tukiwa tumekaa juu ya jiwe na upepo unatupiga, tamaa ikaja kubwa kuliko wiki zote hizi, na Veronika alikuwa anamenya chungwa.

Nikawaambia, "Nataka sigara."

Yuliana akanitazama, akamtazama mama yake. Veronika akanipa nusu ya chungwa. Tukangoja mpaka ikapita, kisha tukaendelea.